Munyu wa Jirani

Mama Mkubwa si mama yangu mkubwa kwa damu. Ni jirani yetu huko Ole, Pemba, nyumba yake na ya kwetu zimetenganishwa na ua wa makuti tu, na tangu tukiwa wadogo tulimwita hivyo kwa kuwa amemzidi mama yangu umri kidogo, na kwa kuwa alikuwa na ruhusa kamili ya kututandika. Ni mwanamke mwema, mcheshi, hana kinyongo na mtu. Lakini muhogo wake hauliki. Munyu, ndivyo tunavyoita chumvi kwetu, yeye huutia kama anayetaka kukausha papa.

Nitaandika habari za muhogo huo kabla sijaandika habari za sheria, kwa sababu muhogo ulitangulia, na kwa sababu anayeandika ni mimi.

Ramadhani ya utotoni mwangu ilianzia masikioni. Watu wakishasali alasiri, nyumba moja huanza kukuna nazi, ya pili ikadakia, mara mtaa mzima unakuna. Kila mbuzi ya nazi ilikuwa na sauti yake. Ya mama ilikuwa ya bibi yangu kabla yake, kibao cha mti wa mfenesi kilichoingia bonde pale pa kukalia, na chuma chake kilikuwa na meno yaliyolika upande mmoja, basi ilikuna kwa kuchechemea. Ningeijua hata nikiwa kisimani. Nilijifunza juu yake, nimeipanda miguu huku na huku, mama amesimama nyuma yangu akinionya nisifike kwenye kifuu, tui lisije likaingia weusi. Kisha tunakamua kwa kifumbu, tui zito linawekwa kando, kuku wanagombania machicha, na mimi napuliza moto huku najifanya sioni njaa.

Wanaume wetu walifuturu nje, kando ya njia, kwenye jamvi refu, na mpita njia aliyekutwa na adhana alivutwa mkono akaketishwa. Wanawake walikuja uani kwetu, kwa sababu uani kwetu ni kupana na kuna kisima. Kila mmoja alikuja na bakuli lake limefunikwa kawa. Palikuwa na muhogo, ndizi mbivu za nazi, majimbi, shelisheli, kunde, na uji wenye pilipili manga unaokutoa kamasi. Na palikuwa na ada moja ambayo sijawahi kuiona imeandikwa popote: mwanamke haanzi na bakuli lake mwenyewe. Ukishatia tende mdomoni na kunywa maji, mkono wako unakwenda kwanza kwenye chakula cha mwenzako. Kuanza na cha kwako ilikuwa aibu, ungeambiwa umekuja kula peke yako mbele za watu.

Mama na Mama Mkubwa walikaa wakielekeana kila mwaka. Hivyo mama alianza na ule muhogo. Alikuwa akitia tonge, anatafuna taratibu, anafumba jicho moja, halafu anasema kwa unyenyekevu wa uongo:

"Shoga, baharini kumebaki munyu?"

Na Mama Mkubwa, mkono wake ukiwa tayari kwenye ndizi za mama, alijibu vile vile miaka yote:

"Kula, unyamaze. Ntu kafunga kutwa, hajui ladha."

Wanawake wote wakacheka kana kwamba wanaisikia mara ya kwanza. Mwaka ambao msimu wa karafuu uliangukia Ramadhani tulikula vidole vikinuka karafuu tulizokuwa tukichambua mchana, na hata karafuu hazikuweza kuuficha munyu ule. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini mama hamwambii tu apunguze. Nilikuwa mtoto, nilidhani kuwa wanazungumza chakula.

Sasa nasomesha skuli moja mjini Chake, nimepanga chumba, na na kwa kuwa Ijumaa sina vipindi, nyumbani nakwenda Alhamisi jioni hadi Jumamosi. Ndiyo maana mambo niliyoyaona kwa macho yangu ni yale ya mwisho wa wiki, na mengine nilisimuliwa na mama, ambaye husimulia vizuri kuliko nilivyoona mimi.

Ndugu yangu wa mwisho alizaliwa kwenye kitanda cha mama, na aliyempokea kwa mikono yake ni Mama Mkubwa. Alipofika umri, ndugu huyo alikwenda kuomba kitambulisho cha ukaazi akaambiwa hajulikani. Kuku wa mtaa wanamjua, ofisi haimjui. Bila kitambulisho huandikishwi kupiga kura, kazi hupati, hata laini ya simu unaombea jina la mtu. Hakuwa peke yake, vijana wengi wa kwetu na wa vijiji vya jirani walirudishwa hivyo hivyo. Sababu kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja pale dirishani: uchaguzi ulikuwa njiani, na watu wa huku inajulikana kura zao zinakwenda wapi. Wanaume walikwenda kulalamika, wakapandisha sauti, wakafukuzwa kwa marungu. Baada ya hapo wanawake wakasema basi, wao hawagombani na mtu, watakwenda kukaa tu.

Kukaa huko wakakuita kikao. Hakikuwa na mwenyekiti wala kadi wala bendera. Baada ya sala ya adhuhuri wanakwenda mbele ya ofisi wanakaa, wengine wanasoma nyiradi, wengine wanasuka ukili, na ikiadhiniwa alasiri wanasali, kisha wanarudi majumbani. Kesho tena. Walichotaka ni watoto wao waandikwe.

Ilikuwa masika na ardhi ilikuwa tope. Mabenchi ya ofisi yalishaingizwa ndani makusudi. Basi mama akabeba mbuzi yake ya nazi. Nieleze kwa wasiotujua: kwa mwanamke wa Pemba mbuzi ya nazi ni kiti kabla ya kuwa kitu kingine. Inajikunja, inabebeka kwapani, haizami kwenye tope, na kila nyumba inayo. Siku ya pili Mama Mkubwa akaja na ya kwake, siku zilizofuata wote. Na kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imeingia, wakaanza kuja na nazi kabisa. Hawakuzikuna mapema, kwa sababu nazi iliyokunwa mapema huchachuka. Walisubiri wasali alasiri, wakakuna pale pale mbele ya ofisi, wakarudi nyumbani na kazi nusu imekwisha. Ningewaambia watu wa mipango waje wajifunze.

Nilikwenda kukaa nao kila mwisho wa wiki, na sitaki kudanganya, ni katika siku nzuri za maisha yangu. Mtaa wote wa utotoni ulikuwa umehamia barabarani. Nilizisikia mbuzi zile kwa pamoja, na katikati yake ile ya mama ikichechemea. Mke wa karani wa ofisi ile ile akawa anatuma nazi zake zikunwe, kwa sababu mgongo ulimsumbua, na mama alimkunia, akamrudishia na salamu. Mama Mkubwa alikuwa akimtania karani kupitia dirishani, akimwambia kwamba tui la futari yake leo limetoka kwa watu wasiojulikana.

Kosa letu, ikiwa ni kosa, ni kwamba hakuna aliyefikiria mbuzi ya nazi inaonekanaje kwa mtu ambaye hajawahi kuingia jikoni. Mtu asiye wa kwetu akapiga picha. Wanawake wamejipanga safu, mabuibui meusi, nyuso zimekaza kwa saumu, na mbele ya kila mmoja, katikati ya magoti, chuma chenye meno kimeelekezwa ofisini. Picha ikazunguka kwenye simu. Halafu kwenye redio akaja bwana mmoja mwenye sauti nzito, akasema kundi lililojizatiti kwa vyuma vyenye meno linatishia watumishi wa umma.

Tulicheka hadi tukakaa chini. Mama Mkubwa alishika mbavu. "Niogopwe mie," alisema, "nisiyeweza hata kuchinja kuku."

Siku chache baadaye likaja gari la askari likazichukua. Walizirusha nyuma ya gari moja juu ya nyingine, mbuzi za bibi zetu, na zilikuwa zikilia kama vyombo vinavyovunjika. Mama alimfuata askari aliyechukua ya kwake, kijana mdogo tu. Akamwambia, "Mwanangu, hiyo meno yake mabovu, iangalie isikukate." Yule kijana akamjibu, "Nisamehe, mama," na akaitia garini. Jioni ile mtaa ulinyamaza. Watu walipika kwa maji.

Bado tulikuwa tukicheka. Nasema hivi kwa sababu siku hizi wako wanaosema walijua tangu mwanzo. Hakuna aliyejua. Sisi tulidhani ni ujinga wa watu wa mbali, utapita kama unavyopita ujinga mwingine.

Haukupita. Kabla ya Ramadhani nyingine ikawa sheria. Nimeisoma mwenyewe, kifungu kwa kifungu. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusoma mambo mabaya yaliyoandikwa kwa lugha safi. Kikao kilipewa jina refu ambalo mama hakuweza kulitamka, na baada ya jina hilo yakafuata maneno: kundi la kigaidi la ndani ya nchi. Mtu yeyote atakayelipatia kundi hilo au mfuasi wake makaazi, usafiri, chakula au msaada wa namna nyingine yoyote, naye ni mkosaji. Niliendelea kusoma hadi mwisho kisha nikarudi kwenye neno chakula. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha walimu, wenzangu wakisahihisha madaftari, na nilihisi hasira kiasi cha kutaka kuvunja kitu. Mtu alikaa akatafuta neno hilo. Hakulisahau.

Palikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Waliowahi kukaa walitakiwa waende wakatie dole gumba kwamba wamejitoa, na kwamba hawatachanganyika tena na yeyote ambaye hajajitoa. Ukitia, umesamehewa. Usipotia, wewe ni gaidi unayesubiri zamu yako, na anayekula nawe anasubiri yake.

Mtoto wa kiume wa Mama Mkubwa ni askari huko Unguja. Ndiye anayemlisha, maana mumewe alifariki zamani. Wakubwa wa kijana walishamwita wakamuonyesha picha ya mama yake amekalia mbuzi, wakamwambia achague. Alipompigia simu mama yake alilia, mwanamume mzima.

Nilikuwepo siku Mama Mkubwa alipokuja. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kaja na ndoo yake kuteka maji kama siku zote. Mama alikuwa anafua. Hawakutazamana.

"Shoga," alisema Mama Mkubwa, "nakwenda kutia kidole."

"Nenda."

"Mwanangu wataka kunfukuza kazi."

"Najuwa. Nenda, shoga."

"Na weye jee?"

Mama akakamua nguo aliyokuwa nayo, akaikung'uta. "Mie wangu hana kazi ya kufukuzwa. Hajulikani. Nikitia kidole, nimekubali kuwa hajulikani."

Mama Mkubwa alijaza ndoo. Akasimama nayo, na mama akaacha kufua, akapangusa mikono kwenye kanga, akamtwika. Ndivyo alivyomtwika tangu wakiwa wasichana. Mama Mkubwa alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa ameishika ndoo kwa mikono miwili, na hajaingia tena uani kwetu.

Nilipandwa na ghadhabu. Nilimwambia mama kwamba yule aliyempokea ndugu yangu duniani leo amemkana kwa dole gumba. Mama aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Usimseme mbele yangu. Kama ningekuwa na cha kupokonywa, hujui ningefanya nini. Wala mie sijui." Hasira ilibaki, na ninayo hata sasa. Tofauti ni kwamba sasa najua pa kuielekeza.

Ramadhani ikaandama. Nilimnunulia mama mbuzi mpya sokoni Chake. Aliikalia mara moja, akasema inauma nazi badala ya kuikuna, lakini ataizoea. Alhamisi ya kwanza niliwahi kufika. Mama alikuwa amefagia ua wote, amemwagia maji vumbi likatulia, na ametandika mikeka yote. Aliitandika ile mirefu, ya watu wengi. Adhana ikalia, tukatia tende, tukanywa maji. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na hakuna aliyeingia.

Siwalaumu, nao wana watoto. Wale waliotia kidole waliapa, na wale ambao hawakuwahi kukaa kwenye kikao waliona afadhali wasionekane. Wanaume waliendelea kufuturu nje, lakini jamvi lilipunguzwa na kusogezwa mwisho wa mtaa, mbali na kwetu. Ndugu yangu alikwenda Tanga kutafuta kazi isiyouliza kitambulisho. Tulikuwa mimi na mama na mikeka yetu, na kwa siku nisizokuwepo alikuwa yeye tu.

Aliendelea kuitandika. Na aliendelea na ada yake: hakuanza na bakuli lake. Hapo ndipo pagumu palipokuwa. Siku zangu nilipika mimi bakuli moja na yeye akapika jingine, ili kila mmoja awe na cha mwenzake cha kuanzia. Siku zisizo zangu, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akimaliza tende yake anakaa, anangoja kidogo kama mtu anayemngojea mwingine atie mkono, kisha anakula uji tu na kunyanyuka. Alikonda mwili. Kanga ikawa inamzunguka mara ya pili. Nilipomkaripia, maana wazazi wakizeeka tunapata ruhusa hiyo, alisema njaa hana.

"Hata nikipika mimi huli," nilimwambia.

"Mwanangu, weye nimekufunza mie. Nkono wako nkono wangu." Akatazama ua wa makuti. "Nimechoka na nkono wangu."

Makuti hayazuii kitu. Tuliisikia nyumba ya pili yote: ndoo ikitua, kuni zikivunjwa, Mama Mkubwa akipiga bismillahi yake ndefu. Tuliinusa sufuria yake inapochemka. Naye bila shaka alitusikia sisi. Watu wawili waliokula pamoja tangu hawajaolewa walikuwa wanafuturu hatua chache, kila mmoja amegeukia ukuta wake, na katikati ni makuti makavu ambayo mbuzi angeyala kwa asubuhi moja. Lakini katika makuti hayo palikuwa na kazi ya kijana wake na jina la kijana wetu, na hakuna kati yao aliyekuwa tayari kumuomba mwenzake akitoe cha kwake.

Alhamisi ya mwisho ya mfungo niliingia nikamkuta mama ameshakuna, ameshakamua, na muhogo uko jikoni. Alinikataza kupika. Alisema leo bakuli moja linatosha. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikimtazama, kama zamani. Akamimina tui zito, akakoroga, akaonja kwa pua kwa kuwa amefunga, na akachukua kopo la munyu.

Mama yangu hutia munyu kwa vidole vitatu. Sijawahi kumuona akipima kwa kitu kingine. Siku ile alitia kwa vidole, akasita, kisha akaliinamisha kopo lenyewe juu ya sufuria. Nilifungua mdomo nimzuie. Akanitazama, nikaufunga.

Aliupakua kwenye bakuli, akalifunika kawa, na hakuliweka mbele yake. Aliliweka ng'ambo ya mkeka, upande wa makuti, pale Mama Mkubwa alipokuwa akikaa. Adhana ikalia. Tende, maji. Mkono wa mama ukavuka mkeka ukaenda moja kwa moja kwenye bakuli lile, akatia tonge, akatafuna taratibu, akafumba jicho moja.

Nami nikatia. Ulikuwa ule ule. Macho yalinijaa machozi na nilishukuru kuwa nina munyu wa kuusingizia.

"Mama," nikamwambia, "muhogo hauliki huu. Munyu umezidi."

"Kula, unyamaze," akasema. "Ntu kafunga kutwa, hajui ladha."

Aliisema kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika kwa mtu aliyekaa karibu naye. Nyuma ya makuti vyombo viliacha kugongana. Mama akasogeza bakuli katikati yetu, akatia tonge jingine, na tukaula wote hadi chini.